Waridi la Wembe na Isale la Mpakani

Mama yangu hakuwahi kusema asante kwa mche. Alishukuru kwa chumvi, kwa kiberiti, kwa kuazimwa kinu, hata kwa kusogezewa benchi kanisani. Lakini mtu akimpa tawi la ua, alilipokea kimya, akageuka na kuondoka kama aliyeudhiwa. Mtaani kwetu Kimandolu hakuna aliyemshangaa, kwa kuwa wanawake wote walifanya hivyohivyo. Ilijulikana kwamba ua la kuombwa halishiki, na la kushukuriwa hukauka kabla ya Jumapili. Linaloshika ni la kuiba.

Wizi wenyewe ulikuwa na utaratibu. Mgeni hufika, hukaribishwa, hutembezwa bustanini. Husimama mbele ya ua analolitaka na kulisifia mara moja tu. Akilisifia mara mbili ameomba, na mambo yameharibika. Mwenye ua akisikia ile sifa hushtuka kama aliyekumbuka jambo, husema, "Jamani, ngoja nikaangalie maharage yangu," kisha huingia ndani. Hukaa huko muda wa kutosha mtu kukata tawi na kulitumbukiza kikapuni. Akirudi, haangalii kikapu. Mgeni naye haangalii ua. Wanaendelea na bei ya sukari. Nimeingia katika jiko la karibu kila nyumba ya mtaa ule, na sikumbuki hata siku moja kuyakuta hayo maharage.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Kabla yake, uwanja wetu wa mbele ulikuwa wa mahindi, yamesongamana hadi dirishani, mabua yanachungulia sebuleni kama wageni wenye aibu. Unga ulikuwa wa kutafutwa, na mtu aliyepanda maua mahali panapoweza kuota hindi alionekana ana matatizo. Kisha unga ukarudi madukani, sukari ikarudi, sabuni ikarudi yenye rangi na harufu, mitumba ikaja kwa marobota, na wanawake wakaanza kuutazama udongo wao upya. Katika safu yetu ya nyumba, mama ndiye aliyetangulia kung'oa mahindi.

"Tutakula maua?" baba aliuliza.

"Mahindi umeyala miaka yote hii. Umenenepa wapi?"

Baba akarudi kwenye gazeti lake. Mama akaanza na makopo ya mafuta ya kupikia, akayatoboa matako kwa msumari, akayapanga ukutani. Kutoka makopo akashuka ardhini. Samadi aliinunua kwa mama mmoja wa Kiarusha aliyepita na punda wake, na walibishana kuhusu unyevu wa samadi ile kama watu wanaobishania mahari. Baada ya misimu miwili tulikuwa na jeraniamu, dalia, maua ya Krismasi, na bogainvilea iliyopanda hadi bati.

Dada yangu alipochumbiwa, ikapangwa kwamba sendofu yake, sherehe ya kuagwa kabla ya harusi, ifanyike nyumbani, mwishoni mwa Februari. Wakwe walikuwa watu wa Machame, wenye nafasi, na walisemekana kuangalia sana mambo. Mama akasimama kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa na kutangaza: "Mapambo sikodi. Wageni watakaa katikati ya maua yangu mwenyewe." Habari ilifika Machame kabla ya barua ya mwaliko. Kuanzia siku hiyo maneno yale hayakuweza kurudishwa, na heshima ya mama ilitegemea maji.

Maji yetu yalitoka kwenye mfereji mdogo ulioshuka kutoka Meru, ukapita viwanja vya juu kabla ya kufika kwetu. Kiwanja kilichotutangulia kilikuwa cha mzee mmoja wa Kimeru. Jumatano na Jumamosi, saa tisa alasiri, aliliondoa jiwe lililozuia mfereji upande wetu, na maji yakaja. Mwaka ule mzee aliuza, akahamia kwa wanawe mlimani. Aliyenunua alikuwa nesi kutoka Songea, mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye mikono safi hata akitoka kulima. Mzee alimweleza habari ya jiwe, naye akaliondoa siku zilezile, saa ileile, bila kukumbushwa.

Habari ya maharage hakuna aliyemweleza.

Nesi alikuja na waridi. Si jekundu wala jeupe kama mawaridi ya watu wote, bali la njano lenye ukingo mwekundu, kama karatasi iliyoanza kushika moto. Alipewa na mgonjwa wake aliyefanya kazi kwenye mashamba mapya ya maua huko Usa, nje kidogo ya mji wetu, yanayopakia maua kwenye ndege kwenda Ulaya. Mama aliliona kupitia ua wa michongoma asubuhi moja, na chai yake ikapoa mkononi.

Alikwenda siku ya kwanza peke yake. Alisimulia mwenyewe aliporudi, akiwa bado haamini.

"Nikamwambia, nesi, waridi lako limependeza. Nikanyamaza. Akasema, kweli eeh, linachanua tangu Novemba. Amesimama tu! Nikamwuliza, hujaacha kitu jikoni? Akasema, hapana, nimezima. Nikasema, hata chai? Akasema, kumbe unataka chai! Akanishika mkono, tukaenda jikoni wote wawili."

Alirudi na vikombe vitatu vya chai tumboni na kikapu kitupu.

Siku ya pili alinichukua mimi. Nilikuwa kidato cha pili, na kazi yangu ilikuwa goti. Nilikuwa na mchubuko wa zamani, na niliagizwa nichechemee. Mama alikuwa amefunga wembe kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Goti linaniuma."

"Marahaba. Hebu tuone." Nesi akachuchumaa, akakunja sketi yangu ya shule, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. "Unaumia hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

Nyuma yake ukasikika mlio mdogo, tk, kama mtu anavunja kijiti cha kiberiti. Nesi akageuka. Mama alisimama kando ya waridi, mkono mmoja una wembe, mwingine una tawi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri basi.

Nesi hakukasirika. Hilo naliandika kwa sababu baadaye watu walisimulia vingine. Alicheka. "Mama, si ungeomba tu? Nipe huo wembe, nikukatie mwenyewe hata matatu."

"Hapana!" Mama alirudi nyuma hatua moja. "Ukinipa kwa mkono wako litakufa."

Kwa kanuni za mtaa wetu, alisema kweli tupu. Ila alikuwa akimwambia nesi, mgeni, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwapa watu vitu kwa mkono wake.

Kicheko kikaisha. "Mkono wangu unaua?"

"Kwenye maua. Sijasema watu."

"Mkono huu umezalisha wanawake Songea mpaka hapa. Hakuna aliyeniambia unaua."

"Nesi, hujanielewa. Ukinipa, halafu mimi nikashukuru—"

"Kwa hiyo kuniomba hutaki. Kunishukuru hutaki. Kuniibia ndiyo unataka."

Mama alifikiri. Alikuwa mwanamke mkweli. "Ndiyo," alisema.

Nesi akalinyooshea kidole lile waridi. "Hili nilipewa. Nilisema asante mara mbili. Lione lilivyo."

Mama akaliona. "Ndiyo maana lina miiba mingi," alijibu.

Nesi alitufungulia geti kwa adabu kubwa, na tukatoka, mama na tawi lake mkononi, mimi nikiwa nimesahau kuchechemea.

Jumatano iliyofuata, saa tisa, mama alisimama penye mfereji na jembe lake. Saa tisa na nusu. Saa kumi. Tulisikia maji yakicheka upande wa pili wa michongoma, kwenye migomba ya nesi. Jiwe halikuondoka. Jumamosi halikuondoka vilevile.

Walikuwapo wazee wa mfereji, ambao kazi yao ilikuwa kusuluhisha mambo ya zamu. Baba alishauri mama aende kwao. Lakini wangemwuliza chanzo cha ugomvi, naye angeeleza nini? Kwamba aliiba, akakamatwa, na sasa anadai maji?

"Basi kamwombe radhi," baba alisema.

"Kwa kosa gani? Mimi niliiba kwa heshima."

Zilibaki wiki tatu kufika sendofu, na jua la Februari halikuwa na ushirika na mtu. Dalia ziliinamisha vichwa. Jeraniamu za ukutani zilikauka kuanzia kopo la mwisho, zikaja zikifuatana kama watu kwenye foleni. Mimi nilitumwa bombani, barabarani, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, ndoo kichwani, na bustani ile ilikunywa kila nilicholeta na kuomba kingine. Shingo yangu ilikuwa imeanza kuwa na maoni yake kuhusu ugomvi huu. Kitu pekee kilichostawi kilikuwa lile tawi la waridi, ambalo mama alilipanda nyuma ya jiko na kulimwagia maji ya kuoshea vyombo. Lilitoa jani, halafu likatoa jani jingine. Mama alikuwa akiniita nilione, kama wakili anayeonyesha kielelezo.

Bibi, mama yake mama, alifika kutoka Kibosho wiki ile ya sendofu, kusimamia mbege, pombe yetu ya ndizi. Alishuka na mikungu ya ndizi, akausimamisha mkongojo wake katikati ya uwanja, akatazama pande zote.

"Hii ndiyo bustani iliyotangazwa mpaka kwetu?"

Mama alimweleza yote. Bibi alicheka hadi akashikilia ukuta, na kopo moja likaanguka. Alipofuta macho alisema, "Mpelekee isale."

"Aliyefunga maji ni yeye. Alete yeye."

"Yeye wa Songea atajuaje isale?"

"Basi."

Ilibidi mtu aingilie kati, na shingo iliyokuwa ikiumia ilikuwa yangu.

Isale ni mmea wa majani marefu, ya kijani kilichoiva, unaosimama wima kama askari. Sisi Wachaga huupanda mpakani na makaburini. Lakini kazi yake kubwa ni nyingine: mtu aliyemkosea mwenzake, hata kwa jambo zito, akichukua jani la isale, akalifunga fundo na kumpelekea kwa mikono miwili, aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Atasamehe. Anaweza kusamehe huku amekunja uso, lakini atasamehe. Kwa hiyo si jani la kuchezea. Nilichapwa mkono nikiwa na miaka mitano kwa kulifanya kiboko cha kuchungia kuku. Wameru nao wanaliheshimu, na yule mzee alikuwa ameyapanda masale mstari mzima kati ya kiwanja chake na chetu.

Jumatano, siku tatu kabla ya sherehe, nilipita kwa nesi nikitoka shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Goti limepona?"

"Limepona."

"Nilijua. Halikuwa na kitu." Alikuwa akipalilia, na hakuinua macho. "Nasikia Jumamosi dada yako anaagwa."

"Ndiyo."

"Sikualikwa. Lakini kwetu, jirani akiwa na shughuli, hukai ndani ukamsikiliza. Nitamletea dada yako maua. Leo hiihii, nisije nikabadili mawazo." Akasimama, akanielekezea kijembe chake cha kupalilia. "Ila mama yako asije akadhani namwomba msamaha. Simwombi."

"Hatadhani," nilisema.

Alikata mawaridi saba ya njano, yaliyofunguka nusu. Akayashika kwa mbali, akainamisha kichwa. "Yanataka majani ya kuyashikilia. Haya yenyewe yanalegea."

"Yale ya mpakani yamenyooka," nilisema.

Akayatazama masale. "Hayana kazi nyingine?"

Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Hapo ndipo nilipopewa nafasi. "Yapo tu hapo miaka yote," nilijibu, na kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli.

Niliyakata mwenyewe, manne. Matatu niliyapanga nyuma ya mawaridi. La nne nililizungusha kwenye mashina na kulifunga fundo, moja, lililokazwa, jani likiwa limelazwa kama nilivyomwona mjomba akilifunga siku alipompelekea kaka yake baada ya ugomvi wa ng'ombe.

"Unajua kufunga," nesi alisema.

"Tunafundishwa nyumbani."

Nilitangulia kupitia uchochoro, ili nikutwe nimekaa. Uwanjani walikuwapo mama, bibi na akina mama wanne wa kanisa, wote watu wa Kilimanjaro, wanamenya ndizi na kusema wote kwa pamoja. Nikachukua kisu, nikaanza kumenya kwa bidii ambayo haikuwa kawaida yangu.

"Hodi!"

Vichwa viliinuka. Nesi alikuwa amebadili nguo. Alisimama getini na yale maua, na macho ya wanawake wale hayakwenda kwenye waridi hata moja. Yalikwenda kwenye fundo. Visu vilisimama. Ganda la ndizi lilining'inia mkononi mwa mama bila kuanguka.

Nesi, akiona ukimya ule, alidhani anachukiwa. Akafanya ambacho mtu mwenye adabu angefanya: akasogea mbele, akapiga goti kidogo, akayanyoosha yale maua kwa mikono miwili. Hata mjomba hakulipeleka vizuri vile.

Mama akamgeukia bibi. "Mama, huyu hajui—" alisema kwa Kichaga, kwa sauti ya chini.

"Sijakuuliza anajua nini. Limeletwa, halijaletwa?"

"Limeletwa."

"Kwa mkono mmoja?"

"Kwa miwili."

"Basi pokea, tumenye ndizi."

Mama akasimama. Alijifuta mikono kwenye khanga, kwanza mmoja, halafu mwingine, taratibu, kama mtu anayetafuta njia ya kutokea na kukuta milango yote imefungwa. Akapokea.

"Yamekwisha, nesi," alisema kwa Kiswahili.

Uso wa nesi ukafunguka. "Yamekwisha, mama! Na mimi nimekusamehe."

Mama alifungua mdomo. Bibi akakohoa. Mama akaufunga.

Kwa hiyo siku ile walisameheana watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyeomba msamaha. Nesi alipewa kiti, akapewa kisu, akamenya mkungu mzima akisimulia habari za Songea. Halafu akakumbuka jambo, akainuka bila kuaga, akatoka. Tulidhani amekwenda kuchukua sweta. Kabla hatujamaliza kukusanya maganda, maji yalikuja kwenye mfereji wetu, yakisukuma mbele yake majani makavu ya wiki tatu.

Wageni walipoondoka mama aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa ameyatia mawaridi kwenye jagi, lakini lile jani la nne alikuwa nalo mkononi.

"Songea wanafunga hivi?"

"Sijui, mama."

"Mjomba wako ndiye anayefunga hivi."

Nikaangalia chini, kwenye tawi la waridi, ambalo lilikuwa limeongeza jani la tatu.

"Siku moja," mama alisema, na hakuwa anacheka, "utakuwa na kosa la kweli, na utapeleka isale la kweli. Omba Mungu mtu asikuulize kama ni mapambo." Kisha akalilaza lile jani juu ya kabati, mahali pa Biblia. "Samadi utabeba wewe, mpaka mvua zianze."

Siku tatu hazikutosha kwa bustani yote. Dalia zilisimama na maua ya Krismasi yakapona, lakini jeraniamu za ukutani zilikuwa zimekwenda. Ijumaa mama alitembea mtaa mzima na kikapu, akisifia mara moja kila nyumba, na mtaa mzima ukaenda kuangalia maharage. Jumamosi asubuhi makopo yote yalikuwa na maua, yamechomekwa kwenye udongo bila mzizi hata mmoja. Wakwe kutoka Machame walikaa katikati yake, na mama wa bwana harusi alisifia jeraniamu. Akasifia mara moja, akanyamaza, akasubiri. Kumbe na Machame walijua. Mama hakusogea kwenda jikoni. Aliogopa mgeni angevuta kidogo tu na kuondoka na ua zima.

Waridi la nyuma ya jiko lilichanua masika yalipokwisha. Mama alisema limeshika kwa sababu aliliiba. Nesi alisema limeshika kwa sababu yeye alikuwa ameshasema atampa. Walibishana hivyo miaka mingi juu ya michongoma, kila Jumatano na Jumamosi, maji yakipita.

Ila nilichotaka kusimulia ni alasiri moja ya mwaka ule, nesi alipokuja kwetu kurudisha ungo. Alitembea bustanini, akasimama mbele ya dalia ya zambarau ambayo yeye hakuwa nayo.

"Dalia hii imependeza," alisema. Akanyamaza.

Mama alishtuka kama aliyechomwa sindano. "Jamani! Ngoja nikaangalie maharage yangu." Akanivuta mkono, tukaingia jikoni. Jiko lilikuwa baridi. Tulisimama dirishani, nyuma ya pazia, mama akinikanyaga mguu ili nisicheke.

Nesi alibaki peke yake. Alitazama mlango. Akatazama mbingu. Akalitazama ua kwa muda mrefu, mikono imefungwa nyuma, kama mtu anayesoma tangazo. Mwisho akachomoa kitu kwenye pindo la khanga. Ulikuwa mkasi wa hospitali.

"Mwizi mkubwa huyu," mama alinong'ona, kwa furaha. "Tena tazama, hakati tawi tu, anachimba mpaka kiazi cha mzizini!"